Sala za Mama Kengele

Usiku ule hatukulala. Mume wangu alikuwa ameondoka asubuhi kwa baiskeli kwenda njia panda, kumwambia mdogo wake kwamba mama yao anamwomba aje nyumbani, na jua lilizama bila yeye kurudi. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na jiko. Taa aliiweka dirishani, akaihamishia mlangoni, kisha akairudisha dirishani. Mimi nilikuwa na kazi zangu za wasiwasi. Niliwahesabu watoto waliolala, nikaenda kuangalia kama kuku wamefungiwa, nikarudi nikawahesabu tena, kana kwamba mmoja angeyeyuka nikiwa nje. Kila mbwa wa jirani alipobweka, tuliinua vichwa wote wawili.

Kilichonitisha zaidi hakikuwa kuchelewa kwa mume wangu. Mume wangu huchelewa hata kwenda kulala. Kilichonitisha ni ukimya wa mama mkwe. Katika miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kupatwa na shida asimwambie Mungu kwa sauti kubwa, na sasa shida ilikuwa imemkalia kifuani naye ametulia tuli, anachokonoa makaa kwa kijiti.

Watu walimwita Mama Kengele. Kila alfajiri alisimama uani, kati ya zizi na ghala, ndoo ya kukamulia mkononi, akasali kwa sauti iliyoruka ua, ikavuka njia, ikaingia hadi chumbani kwa fundi cherehani ng'ambo ya pili. Fundi cherehani alikuwa akisema kwamba hana haja ya saa, na kwamba anayetaka habari za boma letu hana haja ya kuuliza mtu, aamke mapema tu.

Nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi, asubuhi ya kwanza nilimsikia akimshukuru Mungu kwa kumletea binti, nikatokwa na machozi. Nikasema moyoni nimepata mama mkwe mtakatifu. Haikupita wiki nikamsikia tena: “Ee Mungu, umkumbuke mke wa mwanangu. Umpe macho ya kuona kwamba sufuria ikilala na ukoko, mende hufanya karamu.” Nilikurupuka kitandani, nikaenda kusugua sufuria gizani. Niliporudi, mume wangu alikuwa anacheka chini ya shuka.

“Mama hagombi,” akaniambia. “Mama anashtaki.”

Ndivyo ilivyokuwa. Ana kwa ana hakuwa na neno kali kwa mtu yeyote. Mkikaa naye mnachambua maharage, ni vicheko na habari za watu. Ikifika alfajiri, kila mtu alijifunika shuka hadi masikioni akisubiri zamu yake. Mume wangu ni seremala, na kama maseremala wote, milango ya kwake ndiyo hutengenezwa mwisho. Basi ikawa: “Ee Mungu, wewe uliyeumba mbingu na nchi kwa siku sita, mshike mkono mwanangu amalize mlango wa choo.” Siku hiyohiyo mlango wa choo ulikamilika. Hakuna aliyekasirika, au niseme hakuna aliyejua namna ya kukasirika. Utamkasirikia vipi mtu anayekuombea?

Siku moja nilimuuliza alijifunzia wapi kusali vile. Hakucheka. Aliniambia kwamba alipoolewa katika boma lile, mama mkwe wake hakutaka kusikia sauti ya mkaza mwana. Ukiulizwa unaitika, usipoulizwa unanyamaza. Mumewe naye alikuwa mtu mwema lakini hana masikio. Ukimwambia paa linavuja, anasema ndiyo, na mvua ijayo unapanga masufuria sakafuni. Asubuhi moja, akiwa na mimba changa na godoro limelowa, alienda zizini kukamua, akaanza kumwambia Mungu habari za lile paa. Akasahau kupunguza sauti. Kabla ya saa sita mumewe alikuwa juu ya paa na nyundo.

“Nikaona kumbe mlango upo,” alisema, huku akipepeta. “Nikapitia hapohapo maisha yangu yote.”

Alifiwa na mume mapema, akiwa na wavulana wawili. Mkubwa ndiye baba watoto wangu. Mdogo tulimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, mtoto wa mwisho. Nilimkuta kijana mwembamba mwenye mikono isiyotulia. Redio ikifa anaifungua, jembe likilegea analikaza. Kwangu alikuwa shemeji wa kutaniana. Aliniita “mkaguzi” kwa sababu ya tabia yangu ya kuzunguka boma jioni nikigusa kila mlango. Kazi yake ya jioni ilikuwa kuingiza ng'ombe zizini na kufunga ghala la mahindi.

Ng'ombe wetu wa maziwa aliitwa Madoa. Alikuwa mkorofi, hakuna kamba iliyomweza, lakini maziwa yake yalitosha sisi na nusu ya majirani. Asubuhi moja tulimkuta ndani ya ghala, mlango wazi, amekula mahindi makavu mpaka tumbo limekuwa ngoma. Tulimtembeza, tukamnywesha mafuta, tukamsugua ubavu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelala upande, na ndama wake mchanga amesimama pembeni analia.

Majirani walikuja kutupa pole. Ng'ombe wa maziwa akifa, msiba ni wa wengi. Uani palijaa. Mama mkwe alisimama pale anaposimama kila siku, akainua kichwa.

“Ee Mungu,” akasema, “unamjua aliyepewa kazi ya kufunga ghala. Unajua jinsi usingizi ulivyomzidi. Usimhukumu kwa uvivu wake, maana ni mtoto wa mwisho, na mimi ndiye niliyemdekeza.”

Uani mzima ukaitikia, “Amina.”

Kitinda alikuwa amesimama karibu na zizi, viganja vimelowa mafuta ya kula. Nilimwona akitazama watu mmoja mmoja. Kisha akasema, bila kupaza sauti, “Mama, nilifunga.”

“Kwani nimekutaja?” mama akamjibu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu akikusingizia mbele ya watu, unasimama unajitetea. Mashtaka yakishapelekwa kwa Mungu, na watu wakayapigia muhuri wa amina, utajitetea kwa nani? Ukikana, umebishana na sala ya mama yako. Ukinyamaza, umekubali. Kitinda alinyamaza.

Mama mkwe hakukusudia mabaya. Niliishi naye, ninaijua nia yake. Kwake alikuwa amemwombea mtoto huruma. Lakini neno likishatoka uani huwa na miguu yake. Wavulana wa kijiji walianza kumwita Mzee wa Usingizi. Akipita, mmoja anakoroma, wenzake wanacheka. Alikuwa na binti aliyepanga kumposa, na baba wa binti akatuma jibu kwamba hawezi kumkabidhi mwanawe kwa mtu aliyekabidhiwa mlango akashindwa. Jibu hilo Kitinda alilipokea amesimama. Nilimpa chai, hakuinywa.

Akaondoka alfajiri moja, mama yake akiwa katikati ya sala. Mama alimwona akipita na begi, akadhani anapeleka nguo kwa dobi. Hakukatisha sala.

Wakati ule mwanangu wa pili alikuwa anatambaa, na leo anavaa viatu vya baba yake. Miaka yote hiyo habari za Kitinda tulizipata kwa wapita njia. Yuko njia panda, ni fundi baiskeli. Ameoa, hakuna aliyealikwa. Amepata mtoto wa kike. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa mama mkwe majuto yalitangulia, na mjukuu mwenyewe hakumwona. Hata hivyo wakati huo bado hakuwa akiyaita majuto. Aliyaita mzigo wa mtoto mpotevu, na kila alfajiri alimwombea mpotevu wake arudi, kijiji kizima kikisikia. Mume wangu aliwahi kupita njia panda, akarudi na ujumbe mmoja tu, kwamba mdogo wake anaomba mama aache kumwombea. Mama alilia siku hiyo. Alisema mtoto amekuwa mgumu wa moyo.

Yule ndama wa Madoa tulimlea kwa chupa. Akawa mkubwa, naye ana madoa na ukorofi uleule, tukamwita Binti Madoa. Kiangazi hiki, mchana mmoja, mama mkwe alitoka ghalani na mbegu za maharage, akafunga mlango kwa mkono wake, akaja kukaa nami barazani tuzichague. Binti Madoa alikuwa amekata kamba, anazungukazunguka uani kama mgeni anayetafuta choo. Akafika kwenye ghala, akanusa mlango.

Komeo la ghala lile lilikuwa la mti, alilitengeneza mume wangu. Ni kipande cha ubao kilichopigiliwa msumari upande mmoja, upande wa pili kinaangukia kwenye kishikio. Kukifungua unakiinua kwa kidole. Ng'ombe alitoa ulimi, akaupitisha chini ya komeo, akaliinua. Mlango ukalegea. Akausukuma kwa paji la uso, akaingia, taratibu kabisa, kama mwenye nyumba.

Nilikimbia na fimbo nikamtoa. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa bado ameketi, ungo umeinama mapajani, na maharage yanamwagika chini bila yeye kuyazuia.

“Funga tena,” akaniambia.

Nikafunga. Ng'ombe akafungua. Akaniambia nifunge tena, nibonyeze komeo mpaka mwisho. Nikabonyeza. Ng'ombe akalamba pua, akafungua. Sikujua nimtazame ng'ombe au nimtazame mama.

“Mama yake alikuwa na ulimi mrefu kuliko huyu,” alisema hatimaye. Kisha akainama, akaanza kuokota maharage.

Mume wangu aliporudi kazini nilimweleza. Alilibandua komeo lile, akakaa nalo mkononi muda mrefu. Akasema siku zile mdogo wake alimwambia komeo linahitaji chango, kijiti cha kulizuia juu lisiinuke, naye akamcheka, akamuuliza nani seremala hapa. Jioni hiyo alipigilia komeo la chuma. Alipiga misumari mingi kuliko iliyohitajika.

Kesho yake alfajiri hatukusikia sala. Nilisikia maziwa tu yakipiga ndoo. Siku iliyofuata vilevile. Fundi cherehani alichelewa kuamka, wateja wakamkuta na alama za tandiko la kitanda shavuni, akaja kuuliza kama Mama Kengele ni mgonjwa. Nilimjibu kwamba koo linamsumbua. Sikujua jibu jingine la kumpa. Baada ya hapo ndipo mama alipomwita mume wangu, akamtuma.

Basi usiku ule tukawa tunangoja. Alifika baiskeli ikiwa na pancha, ameisukuma nusu ya njia. Mama hakumwacha hata aketi.

Mume wangu alieleza kwamba alimkuta mdogo wake kazini, akamweleza habari ya ng'ombe na ulimi, mwanzo hadi mwisho. Kitinda alicheka. Alicheka sana, mpaka mkewe akatoka kuchungulia. Kisha kicheko kikakatika, akachukua gurudumu akaendelea na kazi. Mume wangu alimwambia mama anaomba aje nyumbani. Alijibiwa, “Asante kwa taarifa, kaka.” Alingoja mpaka jua likaelekea kuzama, hakuongezewa neno.

“Amekonda?” mama akauliza.

“Hajakonda.”

“Na mtoto?”

“Masikio yake ni yako, mama. Hayo hakuna wa kuyakana.”

Mama mkwe alishika sikio lake, kama anayehakikisha kwamba bado lipo. Kisha akasema kwamba kesho atakwenda mwenyewe, na kwamba nitamsindikiza mimi, kwa sababu mume wangu anasema mambo kama anayesoma vipimo.

Asubuhi alikamua kimya, akajaza chupa ya maziwa, akaifunga kwa kitambaa. Tulipata gari la mizigo, tukakaa juu ya magunia. Njia nzima midomo yake ilikuwa inatembea. Nilidhani anasali, kumbe anafanya mazoezi ya maneno, maana kila mara alitikisa kichwa, akaanza upya.

Njia panda ni mahali pa vumbi na maduka yaliyobanana. Kibanda cha Kitinda kiko mbele ya chumba alichopanga. Matairi yamening'inia kwenye misumari, chini pana beseni la maji ya kutafutia tundu na kopo la gundi, spoku zimefungwa kwa mpira kama fagio. Alikuwa ameketi na gurudumu katikati ya magoti. Alituona tukiwa bado mbali. Niliinua mkono. Yeye aliliweka gurudumu chini polepole, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akaingia chumbani. Mlango ukafungwa, tukasikia na komeo.

Mkewe alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina povu la sabuni, mtoto ameng'ang'ania gauni lake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alileta kigoda, mama hakukaa. Alikuwa anamtazama mtoto. Mtoto akauliza huyu ni nani, na mama yake akautazama kwanza ule mlango kabla ya kujibu kwamba huyu ni bibi. Mama mkwe aliinama, akamgusa sikio, akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Akanipa chupa ya maziwa niishike, akaenda kusimama mlangoni.

Aliinua kichwa kama anavyofanya nyumbani.

“Ee Mungu, unamwona mwanangu huyu—”

“Mama.” Sauti ya Kitinda ilikuwa imekua nzito, nisingeitambua njiani. “Mungu alishasikia siku nyingi. Ambaye hajaambiwa ni mimi.”

Mama mkwe alisimama kama mtu aliyenyang'anywa fimbo ya kutembelea. Alinigeukia. Mimi nilitazama chini, kwa sababu pale hapakuwa na la kumsaidia. Mwanamke yule alikuwa amezeeka bila kumwambia binadamu yeyote, macho kwa macho, jambo zito la moyoni mwake. Na hata sasa hayakuwa macho kwa macho, ulikuwa ubao. Akauwekea kiganja.

“Ulifunga ghala,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia. “Uliniambia umefunga, na ni kweli ulifunga. Nilikusingizia, halafu nikamweka Mungu katikati ili usiweze kunijibu. Nisamehe, baba.”

Alikuja mteja anasukuma baiskeli yenye gurudumu lisilo na upepo, akaulizia fundi yuko wapi. Mke wa Kitinda akaweka kidole mdomoni pake, na mteja naye akatulia, akasimama pamoja nasi kama jamaa.

“Siku ile walioitikia amina walikuwa wangapi?” Kitinda akauliza kutoka ndani.

“Uani palijaa,” mama akasema.

“Umewaambia?”

Mama mkwe alisogea karibu zaidi na ubao.

“Bado. Nilitaka nikuambie wewe kwanza.”

“Mimi nilikuwa najua, mama. Nilijua tangu siku ile.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepata tumaini, maana hasira huchoka. Alisema kama fundi anayekuonyesha tundu lilipo.

Mama mkwe aliondoa kiganja mlangoni. Akaniuliza nani alikuwepo siku ile, kwa sauti ya kawaida, ya kusikika hadi ndani. Nikamtajia. Fundi cherehani na mkewe. Yule mama wa mashine ya kusaga, ambaye amehamia kwa bintiye na sijui ni wapi. Mzee wa mizinga ya nyuki, tulimzika. Baba wa yule binti, naye tulimzika, wakati wa mavuno. Kila niliyemtaja mama aliitikia kwa kichwa, na kwa wale wawili wa mwisho kichwa kilikataa kuinuka.

“Wengine wamekufa, mwanangu,” aliuambia mlango. “Hao nitawaambia wapi?”

Nina masikio ya mama, husikia mtoto akigeuka kitandani nyumba nzima ikikoroma, na nilimsikia shemeji yangu akipumua karibu sana, upande wa pili wa ubao. Nikangoja komeo. Nilingoja huku nimeikumbatia ile chupa mpaka kitambaa kikalowa jasho la mikono yangu.

Mama mkwe akanigeukia, akaichukua chupa, akampa mke wa Kitinda. Akamwambia ayachemshe leo hii, maziwa hayatafika kesho. Akamuuliza mtoto kama anapenda maziwa, mtoto akajificha. Kisha akajitanda vizuri, akauliza magari ya kurudi kwetu yanasimama upande gani, maana anataka kumkuta fundi cherehani kabla hajafunga kazi.

Tulipofika barabarani niligeuka. Mteja alikuwa amekaa kwenye kigoda alichokikataa mama, anamsubiri fundi atoke. Mlango ulikuwa bado umefungwa.